Mambo Mbotela, mjukuu wa Freretown aliyetuuliza uungwana ni nini

Wiki mbili zilizopita tulikaa barazani kwa kaka yangu hapa Mishomoroni, wanaume saba wa ukoo, kuzungumzia posa ya binti yake. Kahawa ilipita, halua ikapita, na mambo yalikuwa yakienda vizuri. Kijana anayeposa tunamjua. Anasali msikiti mmoja na sisi, ana kazi yake ya uuguzi, na hajasikika kwa ubaya wowote. Kisha mzee wetu mmoja, mtu tunayemheshimu, akauliza asili ya kijana ni wapi. Akajibiwa kwamba babu yake alisilimu ujanani, na kabla ya hapo watu wao walikuwa wa Freretown. Mzee akanyamaza kidogo, akasema tuliache jambo lile kwanza, maana watu wa kule asili yao inajulikana.

Hakuna aliyemjibu. Na mimi, ami yake yule binti, mtu mwenye diploma na safu ya kuandika kila wiki, nilitazama kikombe changu cha kahawa mpaka mazungumzo yakahamia bei ya unga.

Kesho yake nilipanda matatu kwenda mjini. Kabla ya kufika daraja la Nyali tulikwama kwenye msongamano pale Kengeleni, na nikawa naitazama ile kengele ya zamani ambayo kila siku tunaipita bila kuiona. Ndipo nikamkumbuka mtu mmoja wa mtaa ule ambaye karibu kila Mkenya aliyekuwa na redio nyumbani aliijua sauti yake. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akituuliza swali moja, na swali lenyewe nililisikia jana yake barazani, ila hapakuwa na mtu wa kulitamka. Leo nataka kueleza maisha ya Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa Je, Huu ni Uungwana?

Leonard Mbotela alizaliwa Freretown tarehe 29 Mei 1940. Ukitoka hapa Mishomoroni ukapita Bakarani na Kisauni, kabla hujavuka kwenda kisiwani, uko Freretown. Ni jirani zetu kabisa. Lakini jirani huyu sisi wengi hatujui historia yake, au tunaijua kwa minong'ono tu, kwa hivyo wacha niieleze kwa ufupi.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba na Waingereza wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la Mkunazini pale Unguja likafungwa. Aliyetumwa na serikali ya Uingereza kushughulikia jambo hilo alikuwa Sir Bartle Frere. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi yaliyobeba watumwa, na watu waliookolewa walihitaji mahali pa kuwekwa, kwani kwao kulikuwa mbali na wengi hawakujua hata njia ya kurudia. Wamisionari wa CMS wakanunua ardhi huku bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wakaanzisha kijiji mwaka 1875 na kukiita kwa jina la Frere. Kukawa na nyumba, mashamba, shule na kanisa. Na kukawa na kengele, iliyokuwa ikigongwa kuwatahadharisha wanakijiji pindi kukiwa na hatari ya wanaokuja kuwateka tena. Jina la Kengeleni limetokana nayo.

Mmoja wa walioletwa hapo alikuwa babu yake Leonard. Alitekwa sehemu za Nyasa, nchi ambayo leo ni Malawi, akatembezwa kwa miguu mpaka pwani, akapakiwa jahazini, na jahazi likakamatwa baharini na Waingereza. Aliteremshwa akiwa huru kwenye nchi asiyoijua, katikati ya watu wasiojua lugha yake. Hapo ndipo ukoo wa Mbotela wa Mombasa ulipoanzia.

Sasa msomaji, tulitazame neno lenyewe. Siku hizi tukisema mtu ni muungwana tunamaanisha ana adabu, ana staha, hasemi neno la kuudhi. Lakini wazee wetu wa zamani walipolitumia neno hili halikuwa na maana ya adabu peke yake. Muungwana alikuwa mtu huru, mwenye ukoo na mji wake. Kinyume chake kilikuwa mtumwa. Mtu angeweza kuwa mpole, mkarimu na msema kweli, na bado asiitwe muungwana, kwa sababu tu mamake alinunuliwa. Na mwengine akawa mjeuri, mla haki za watu, na akaitwa muungwana kwa sababu ya babu zake. Hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani hii ya Kenya mpaka mwaka 1907. Hilo si jambo la kale sana. Bibi aliyenilea mimi alilelewa na watu waliokuwa hai mwaka huo.

Mbele ya wenyeji wa mji, basi, watu wa Freretown walikuwa na kasoro mbili. Walikuwa Wakristo, na walikuwa watu waliowahi kuuzwa. Palikuwa na uhasama wa kweli pia, kwa sababu watumwa waliokuwa wakitoroka mashambani walikimbilia misheni, na wenye mashamba walikuja kuwadai. Ugomvi huo ulifika mbali hata kampuni ya Kiingereza ya IBEA, ilipoingia Mombasa, ikalazimika kuwalipa wenyewe fidia kwa zaidi ya watu 1,400 waliokuwa wamejificha kwenye misheni, wengi wao Rabai, ili waachwe huru. Chuki ya namna hiyo haiishi kwa kutia saini karatasi. Inabaki kwenye ndimi, na kwenye baraza za posa.

Babake Leonard, James Juma Mbotela, aliandika kitabu juu ya habari hizo. Kinaitwa Uhuru wa Watumwa, na kilichapishwa mwaka 1934. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya hadithi ndefu vilivyoandikwa kwa Kiswahili na Mwafrika wa nchi hii, na kimewahi kusomwa sana mashuleni. Ndani yake anasimulia walivyotekwa wazee wake, walivyosafirishwa na walivyokombolewa. Kitabu hicho hakikupendwa na kila mtu. Wahakiki wa baada ya uhuru walisema kimewasifu mno Waingereza, na Waislamu wengi wa pwani waliona kimewachora Waarabu na Waswahili kwa rangi moja tu nyeusi. Mimi nilikisoma nikiwa chuoni na nilikasirika pia. Lakini nikikirudia sasa katika umri wangu huu, naona kwamba hasira yangu ilinizuia kuona jambo kubwa zaidi. Aliyekuwa akisimulia ni mtoto wa mtu aliyeuzwa. Hata akikosea katika kuwasifu waliomkomboa babake, nani mwengine alimpa nafasi ya kusema?

Ukoo huo ulitoa watu wengine pia. Tom Mbotela alikuwa mwanasiasa, aliwahi kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, na aliuawa Nairobi mwezi wa Novemba mwaka 1952, siku za mwanzo za hali ya hatari. Mtaa wa Mbotela kule Nairobi umeitwa kwa jina lake. Leonard alikuwa mtoto wa miaka 12 wakati huo. Kwa hivyo alikulia katika nyumba ya kalamu na siasa, ambamo maneno yalikuwa na uzito na wakati mwengine yaligharimu maisha.

Alianza shule pale pale Freretown, akaendelea na masomo bara. Kazi ya habari aliionja kwanza Nakuru, kwenye magazeti, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1964, nchi ikiwa changa, alijiunga na Sauti ya Kenya. Taifa lilikuwa linatafuta sauti zake. Wakoloni walikuwa wamesoma habari kwa miaka, sasa ilitakiwa mtu wa nchi aketi mbele ya maikrofoni, aseme Kiswahili ambacho mtu wa Lodwar na mtu wa Lamu watakifahamu wote wawili. Kijana wa Freretown alikuwa na kitu hicho. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, laini, chenye lafudhi ya kwetu, lakini hakikuwa cha kumtisha mtu wa bara. Alitamka kila neno likasikika mpaka silabi ya mwisho.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1966, alianzisha Je, Huu ni Uungwana? Wengi wetu tumeishi nacho kipindi hicho hata hatufikirii kilikuwa kitu cha ajabu namna gani. Nchi nyingine zilikuwa na watangazaji wao maarufu wa televisheni, wenye michezo ya maswali na majibu. Mshindi anaondoka na friji au gari, na watazamaji nyumbani wanapiga kelele. Mtangazaji anakuwa mtu wa nyumbani kwa miaka ishirini au thelathini kwa kuuliza watu mambo ya jiografia na bei ya sabuni. Mbotela naye aliuliza swali, na alidumu kuliko wengi wao, zaidi ya miaka hamsini, kwenye redio na kwenye televisheni pia. Tofauti ni kwamba swali lake lilikuwa moja tu tangu mwanzo, hapakuwa na zawadi, na hakuna aliyeshinda.

Namna yake ilikuwa rahisi. Anasimulia kisa. Mtu amealikwa arusini, akaja na watu sita ambao hawakualikwa. Mtu ameazima koleo kwa jirani, halirudishi, na akiulizwa anakuwa mkali yeye. Mtu anapaza sauti ya redio usiku ilhali jirani ana mgonjwa. Visa vya namna hiyo, ambavyo kila mtaa unavyo. Anakisimulia polepole, anaigiza sauti kidogo, anakufanya ucheke. Halafu anapofika mwisho, badala ya kutoa hukumu, anauliza kama huo ni uungwana. Jibu anakuachia wewe.

Nyumbani kwetu redio ilikaa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kufumwa, na mwenye ruhusa ya kuigusa alikuwa baba peke yake. Kipindi cha Mbotela kilipoanza, mama alikuwa akiacha alichokuwa akifanya. Kilichotuchekesha sisi watoto ni kwamba katika kila kisa kulikuwa na mtu wa mtaani tunayemjua. Tulikuwa tukitazamana na kutaja jina lake kwa midomo bila sauti. Ilichukua miaka kufahamu kwamba katika nyumba nyingine za mtaa ule ule, watoto wengine walikuwa wakitaja jina letu sisi. Nakumbuka siku alipozungumzia mtu anayekopa dukani halafu anabadilisha njia. Baba aliinuka akazima redio kabla kipindi hakijaisha, akasema betri zimekwisha nguvu. Jioni hiyo alikwenda dukani akalipa. Hakuna mhadhara wa msikitini uliowahi kumpeleka haraka namna hiyo, Mungu amrehemu.

Ndiyo maana nasema kazi yake ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana. Alilichukua neno ambalo mababu zetu walilifungia kwenye ukoo, akalileta mezani kwa watu wote. Katika kipindi chake hakuna aliyeulizwa babu yake ni nani. Mkubwa mwenye gari akikata foleni, si muungwana. Mchukuzi wa mizigo akimpisha mama mjamzito, ni muungwana. Kipimo kilikuwa ni ulichokifanya. Na aliyekishika kipimo hicho mbele ya nchi nzima, mwaka baada ya mwaka, alikuwa mjukuu wa mtu ambaye watu wa mji huu wasingemwita muungwana hata kama angewasalimia kwa mikono miwili.

Sijui kama yeye mwenyewe alilifikiria hivyo. Hakuwa mtu wa kujipigia ngoma juu ya asili yake, wala hakuificha. Lakini mtu aliyezaliwa Freretown, ambaye babake ameandika Uhuru wa Watumwa, hawezi kulitumia neno uungwana bila kujua lilikotoka.

Waliompenda zaidi pengine hawakumpenda kwa kipindi hicho, walimpenda kwa kandanda. Alikuwa mtangazaji wa mpira wakati ambapo wengi hawakuwa na televisheni, na uwanja mzima ulikuwa kwenye sauti ya mtu mmoja. Miaka ile ya mwanzo ya 1980 Harambee Stars ilipokuwa ikitawala kombe la Afrika Mashariki na Kati, na Mahmoud Abbas wetu wa Mombasa akiwa golini, watu walikusanyika barazani kuzunguka redio moja. Mbotela akiinua sauti, wazee wenye fimbo walisimama. Aliijua kazi ya kumfanya kipofu auone mpira.

Halafu ikaja Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982. Alfajiri ya siku hiyo wanajeshi wa Kikosi cha Wanahewa walikuwa wameanza jaribio la kuipindua serikali ya Rais Moi. Walikuwa na silaha, lakini walijua kwamba bunduki peke yake haiwezi kuiambia nchi kwamba serikali imeanguka. Walihitaji sauti ambayo nchi inaiamini. Wakamfuata Mbotela nyumbani kwake Ngara kabla ya mapambazuko, wakamchukua mpaka Sauti ya Kenya. Aliyekuwa akiongoza, Hezekiah Ochuka, alikuwa mwanajeshi wa cheo cha chini. Mbotela akatakiwa atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Alitangaza. Kwa mitutu iliyokuwa imemzunguka, sijui nani angekataa.

Siku hiyo hiyo jeshi lililobaki tiifu, likiongozwa na Mahmoud Mohamed, liliivamia stesheni na kuikomboa. Watu waliuawa ndani na nje ya jengo. Mbotela alinusurika, na sauti ile ile ikatumiwa tena kuwaambia wananchi kwamba serikali ya Moi ingali imara. Fikiria hali ya mtu huyo. Katika mchana mmoja ametangaza kuanguka kwa serikali na kurudi kwake, na kila upande ungeweza kumuua kwa alichosema au kwa ambacho hakukisema. Baada ya jaribio lile wengi walifungwa na wengine walinyongwa. Ochuka alitorokea Tanzania, akarudishwa, na akanyongwa mwaka 1987. Mbotela alirudi kazini. Serikali ilikubali kwamba alilazimishwa. Kwa miaka mingi baadaye alikuwa akikisimulia kisa hicho kwa waandishi, na hakuwahi kujifanya shujaa. Alisema aliogopa.

Hapa niwe mkweli, kwa sababu safu hii si ya kusifu wafu tu. Mbotela alikuwa mtumishi wa redio ya serikali, na baadaye alifanya kazi katika kitengo cha habari cha rais wakati wa Moi. Miaka hiyo watu waliwekwa kizuizini bila mashtaka. Wengine waliteswa kwenye vyumba vya chini vya Nyayo House. Hapa pwani ardhi za watu zilikuwa zikigawiwa kwa wakubwa, na watu wa Kisauni wanajua nasema nini. Mambo hayo hayakuingia kwenye Je, Huu ni Uungwana? Kipindi kilimuuliza jirani aliyeazima koleo, hakikumuuliza mkubwa aliyechukua shamba. Wako wanaosema kwamba swali lake lilikuwa likitazama chini tu, na kwamba kuwafundisha maskini adabu ni rahisi. Siwezi kusema hawana hoja.

Lakini nina jambo la kusema upande wa pili. Redio ilikuwa ya serikali na mwenye redio ndiye aliyeamua. Mtu aliyekwisha kuwekewa bunduki kichwani anajua bei ya neno moja. Na swali likishatolewa hadharani kwa miaka hamsini, halibaki kwa mwenye kipindi. Watu walilichukua wakalipeleka wanakotaka. Nimelisikia kwenye mikutano ya siasa na kwenye ofisi za ardhi. Nimemsikia mama mmoja wa sokoni pale Kongowea akimtupia askari wa kaunti aliyekuwa akimwaga nyanya zake, na askari akaona haya. Tumelitoa kwa Mbotela swali hilo, hata pale ambapo yeye mwenyewe hakulifikisha.

Sauti ya Kenya iligeuzwa kuwa KBC mwaka 1989, zikaja stesheni za kibinafsi, zikaja simu. Vipindi vya zamani vikafa kimoja kimoja. Chake kiliendelea. Alistaafu utumishi lakini hakustaafu maikrofoni. Alikuwa na nywele nyeupe, anakwenda taratibu, lakini akifungua mdomo sauti ilikuwa ile ile. Watangazaji wengi wa Kiswahili unaowasikia leo, hata wale wanaojifanya hawajui, wamejifunza kwake namna ya kuvuta pumzi kabla ya sentensi ndefu.

Alifariki Nairobi tarehe 7 Februari 2025, akiwa na miaka 84. Viongozi walitoa rambirambi kama kawaida yao, na redio zikacheza sauti zake za zamani. Hapa Mishomoroni nakumbuka kinyozi mmoja aliongeza sauti ya redio, na wateja wakaacha kuzungumza siasa. Kisha siku zikapita na tukarudi kwenye mambo yetu, kama ilivyo kwa kila marehemu. Ukipita Kengeleni leo na kuwauliza vijana wa bodaboda alikuwa nani, huenda mmoja kati ya watano akakujibu.

Sasa narudi barazani kwa kaka yangu.

Sisi ni Waislamu, na katika dini yetu jambo hili lilishamalizwa zamani. Aliyechaguliwa kuadhini kwa mara ya kwanza ni Bilal, aliyekuwa mtumwa Makka. Masahaba wenye koo kubwa walikuwepo, na sauti iliyochaguliwa ikawa yake. Zaid bin Haritha alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, na aliozwa mwanamke wa Kikureshi. Hayo tunayasikia kila mwaka kwenye mihadhara, tunatikisa vichwa, halafu tunakwenda kwenye posa tunauliza asili. Mzee wetu yule anaijua sira ya Bilal kuliko mimi. Wala si mtu mbaya. Alirithi neno pamoja na maana yake ya zamani, na hajapata mtu wa kumbadilishia.

Mimi niliwahi kubadilishiwa, na aliyenibadilishia ni Mbotela. Nililelewa na sauti yake. Ndiyo maana kunyamaza kwangu siku ile kunaniuma kuliko alichosema mzee. Yeye alisema analoliamini. Mimi sikusema ninaloliamini, kwa kuogopa kuonekana nimemkosea heshima mtu mzima mbele ya watu. Na yule kijana alikuwa nyumba ya tatu kutoka pale, akisubiri simu.

Ijumaa iliyopita baada ya Isha nilimwendea kaka. Nilimwambia kwamba nilinyamaza na kwamba nimekosa. Nikamwambia pia kwamba babu wa babu yake kijana yule, kama kweli aliteremshwa Freretown, basi alinyang'anywa wazazi wake na nchi yake, na kama kuna wa kuona haya kwa jambo hilo si yeye wala wajukuu wake. Kaka alisikiliza. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza kama niko tayari kuyasema hayo mbele ya mzee. Nikamwambia niko tayari. Amenipa ruhusa pia ya kuandika habari hii, mradi nisitaje majina.

Kikao cha pili ni Jumapili hii baada ya Alasiri, barazani pale pale. Mzee amealikwa na amekubali kuja. Nimekwisha kupanga nitakavyoanza. Nitamwamkia shikamoo, nitamtilia kahawa kwa mkono wangu, na nitamwomba radhi kabla ya kumpinga. Kisha nitamsimulia kisa cha kijana anayeswali, anayefanya kazi, anayeheshimu watu, aliyekuja kuposa kwa njia yake akarudishwa kwa jambo alilofanyiwa mtu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Mzee naye alikuwa msikilizaji wa Mbotela. Swali la mwisho nadhani atalijua kabla sijalitamka.